Kipupwe cha Kila Usiku

Katika nchi za kaskazini ya dunia, watu wapendao kutembea vilimani huungoja kwa shauku usiku wa tarehe 21 Juni au karibu yake, kwa kuwa ndio mfupi kuliko wote mwakani, na mtu aweza kwenda jioni nzima pasipo taa, akajilaza kidogo hemani, akaamka kumekwisha kucha. Mkazi wa Mwea, nchini Kenya, hana anasa hiyo. Mashamba yake ya mpunga yako kusini kidogo ya Ikweta, ambako tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni dakika chache tu. Siku ambayo London hupata zaidi ya saa 16 za jua, yeye hupata zile zile 12 alizozizoea tangu utotoni. Basi akitaka kulala mlimani, na alale usiku mzima.

Baridi, hata hivyo, anaijua. Kipupwe kinapoingia, Juni hadi Agosti, mawingu hutanda toka Nyeri hata Kirinyaga, na usiku wa Mwea, mahali palipoinuka takriban mita 1,150 juu ya bahari, hupoa kiasi cha kuudhuru mpunga. Mmea huu ni wa nchi za joto, na ukipigwa na baridi katika siku zile chache ambazo chavua inaumbika, maua hayarutubiki, na mkulima huvuna mapepe: masuke yaliyosimama wima kwa kukosa uzito wa kuyainamisha. Ndiyo sababu wengi katika mradi wa mpunga wa Mwea, ulioanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau, hupenda kusia mbegu Julai na Agosti, ili mpunga uchanue kipupwe kimekwisha.

Maji ya mashamba hayo hutoka Mlima Kenya kwa mito ya Thiba na Nyamindi, na mwenye kuifuata kwenda juu hufika msituni, kisha penye mianzi, ambako ndovu na nyati wana njia zao, na ambako usiku perere hupiga ukelele mtini kama mtu anayekabwa koo. Kwa kila mita 1,000 apandazo, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Akiisha kupita mita 3,500, miti yote ya kawaida humwacha. Huko juu, wastani wa joto hautofautiani sana mwezi kwa mwezi, bali tofauti baina ya adhuhuri na alfajiri ni kubwa ajabu, hata Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki, akaona kwamba joto na barafu ambazo Ulaya huzigawa katika mwaka mzima, hapa zimekunjwa ndani ya mchana mmoja na usiku wake. Hewa ya juu ni nyepesi na kavu. Jua huipenya mchana likaichoma ardhi, na usiku usio na mawingu joto lilo hilo hupaa kwenda zake, maana hakuna mvuke wa kutosha kulizuia.

Mimea ya huko imejifunza kuishi kwa ratiba hiyo, na kwangu mimi hii ndiyo ajabu ya Mlima Kenya inayostahili safari, kuliko kilele chenyewe. Mtembezi amulike kwa tochi yake mmea uitwao dendrosenesio, aina ile fupi iotayo mabondeni penye majimaji. Majani aliyoyaona mchana yakiwa yametandazwa, mapana na ya kijani, sasa yamejikunja juu ya chipukizi la katikati, na sufu nyeupe ya upande wa chini imegeuzwa nje. Ndugu yake mrefu, aliye na shina la kupita kimo cha mtu, havui majani yake yaliyokufa. Huyaacha yamzunguke shinani, yakazuia maji yaliyo ndani ya shina yasigande. Lobelia nayo hushika maji baina ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, lakini maji yanapoganda hutoa joto, na maadamu yako yaliyobaki majimaji chini ya kigae cha barafu, chipukizi lililozama humo halipati baridi kali iliyoko nje. Mwenye shaka na aguse barafu hiyo kwa kidole kabla jua halijatoka.

Wapandaji wengi huondoka kambini saa nane au saa tisa za usiku ili wafike kilele cha Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza. Waongozaji husifu uzuri wa macheo, na ni kweli, ila sababu za kimaumbile ni imara zaidi. Changarawe za mteremko ule, zikiwa zimeshikwa na barafu, huukubali mguu. Zikiyeyuka, kila hatua hurudi nusu. Kadhalika usiku upepo hushuka toka kileleni na anga huwa safi, ila jua likiipasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda kutoka mashambani, na aghalabu kufika saa nne mlima umejifunika. Hata mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder na waongozaji wake wawili, Ollier na Brocherel, walikuwa wamelala usiku juu mlimani kabla ya kukifikia kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899. Barafu ya Lewis waliyoivuka wakati huo leo imebaki mabaki.

Uskoti, kwa sheria ya mwaka 2003, mtu ana haki ya kupiga hema karibu popote nyikani. Hapa ni hifadhi ya taifa: utapita langoni, utalipa, na utalala kambi zinazojulikana. Hata kambini, usichague kitako cha bonde, kwani hewa baridi ni nzito na hutiririka kujikusanya huko; panda kidogo ubavuni. Usikimbilie juu kwa siku moja, maana pale Lenana kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa, na mwili hudai siku kadhaa kuizoea. Na mwenzako akiumwa kichwa, akatapika, akaanza kuyumba, mshusheni usiku huo huo, msingoje kupambazuke.