Dishi Likigoma, Mama Afanye Nini?

Ukitoka Sumbawanga kwa barabara ya Kasanga na kuingia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, utayaona madishi kabla hujafika sokoni. Yapo juu ya mapaa ya bati, yapo kwenye nguzo uani, mengine yamefungwa ukutani karibu na jiko la nje. Baadhi yanaelekea magharibi, mengine yamelala chali kama bakuli linalongoja mvua. Mgeni angedhani mafundi wetu hawakuelewana. Sivyo, kila moja lina sababu yake.

Televisheni ya rangi iliingia Zanzibar miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, ikianzia Dar es Salaam, na king'amuzi kikawa kifaa cha lazima. Mwaka uliofuata ikaja Azam TV, na nyumba nyingi za kipato cha kawaida zikamudu dishi kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, mambo ya dishi bado yanachukuliwa kuwa ya baba na fundi. Lakini baba yuko shambani au safarini, fundi yuko Sumbawanga, na anayebaki na watoto mbele ya kioo cheusi ni mama. Tena mara nyingi ni fedha ya mboga inayomlipa fundi aliyekuja kukaza skrubu moja. Ndiyo maana nimeona tulizungumze hapa, akina mama wenyewe kwa wenyewe.

DISHI LINAANGALIA WAPI?

Setilaiti ya matangazo iko juu ya Ikweta, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini. Huko huizunguka dunia kwa mwendo uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo kwetu huonekana kama imesimama mahali pamoja usiku na mchana. Dishi likishalengwa vizuri halina haja ya kuguswa tena.

DStv ya hapa nchini hutumia setilaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki. Matai tuko karibu nyuzi 31 na nusu Mashariki, kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini mwetu, imeinama kidogo tu upande wa kaskazini-mashariki. Ndiyo sababu madishi yake yamelala chali. Azam hutumia setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, mbali zaidi upande wa magharibi. Hiyo hutafutwa magharibi, ikiwa imesogea kidogo kaskazini, kwa mwinuko wa nyuzi kama 60 kutoka usawa wa ardhi. Kama hamna dira nyumbani, tazama jua linapozama mwanzoni mwa mwezi wa Agosti: upande huo ndio wenyewe. Basi usikubali kijana akuambie atageuza dishi lako "lifanane na la jirani" kabla hajauliza jirani anatumia king'amuzi gani.

Kosa la nyuzi mbili tu hupoteza picha yote. Kwa hiyo nguzo isimame wima kabisa, ipimwe kwa timazi kama fundi mwashi anavyopima ukuta, na chini imwagiwe zege. Upepo wetu wa Juni hadi Agosti hauna huruma kwa nguzo iliyopigiliwa kwenye udongo mtupu.

JUU YA PAA KUNA NINI?

Hapa nataka nikae kidogo, maana nimewapokea wodini vijana walioteguka kiuno na kuvunjika mkono kwa ajili ya dishi. Watu wengi hupandisha dishi juu ya paa kwa mazoea ya antena ya zamani. Antena ile ilihitaji urefu kwa sababu mawimbi yake yalikuja ubavuni, yakipita juu ya vilima na miti. Mawimbi ya setilaiti yanatoka juu. Ukiongeza mita nne za paa juu ya kilometa 36,000 hujaongeza kitu.

Dishi lililofungwa kwenye nguzo ya mita moja na nusu uani hushika sawasawa na lililo kileleni mwa nyumba, mradi mbele yake pako wazi. Kipimo ni rahisi. Kwa dishi linaloelekea magharibi kwa nyuzi 60, mti ulio umbali wa mita 3 utaziba kama unalipita dishi kwa zaidi ya mita 5 hivi. Muparachichi uliopandwa mwaka ule dishi lilipofungwa unaweza kuwa ndio uliokula picha yako leo, na fundi akabadilisha vifaa bure.

Dishi la chini lina taabu zake. Mbuzi hujikuna hapo, watoto hulipiga mpira, na mwizi halitafuti kwa ngazi. Zungushia uzio mdogo. Mimi bado nalipendelea, kwa kuwa mama anaweza kulifikia mwenyewe kwa kitambaa na kuondoa utando wa buibui au kiota cha nyigu kwenye kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Usilitundike dishi lolote karibu na nyaya za umeme, wala usiruhusu waya wa televisheni kupita juu ya nguzo za umeme kwenda nyumba ya pili. Kama mtaani kwenu kuna mtu anayesambaza kebo kwa njia hiyo, muulize kwanza kama ana kibali.

PICHA IKIKATIKA

Kabla ya kumwita fundi, soma maandishi yaliyo kwenye kioo. Watu wengi wanaona maneno ya Kiingereza na kuzima. Kwenye DStv, E48-32 maana yake king'amuzi hakipati mawimbi: tatizo liko kwenye dishi, waya au LNB. E16 maana yake malipo yamekwisha au hayajafika kwenye king'amuzi. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni mbili. Nimemwona mama aliyelipia kifurushi mara ya pili wakati waya wake ulikuwa umekatwa na panya.

Kama ni mawimbi, uliza kwanza hali ya hewa. Mvua kubwa ya Ufipa, ile ya Desemba hadi Machi, huyanyonya mawimbi haya kabisa. Ngoja ipite, picha itarudi yenyewe. Aidha, kwa siku chache mwezi Machi na Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti hasa na kulipofusha dishi kwa dakika kadhaa wakati wa mchana. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Mbingu zikiwa safi na bado hakuna kitu, zima king'amuzi kwenye swichi ya ukutani. Usifungue waya kikiwa kimewashwa, kwa sababu king'amuzi hupeleka umeme mdogo kwenda kwenye LNB kupitia waya huohuo, na nyuzi zikigusana unaweza kukiharibu. Kisha fungua konekta nyuma ya king'amuzi. Waya wa kati wa shaba uwe umenyooka na unang'aa, na ule wavu wa nje usiuguse hata kwa unyuzi mmoja. Ukiuona umekuwa wa kijani au mweusi, maji yameingia. Kata kipande, menya upya, funga. Kwenye konekta ya nje, upande wa LNB, kuwe na mpira au utepe wa kuzuia maji, na waya uning'inie kidogo chini ya konekta ili matone yadondoke badala ya kutiririka ndani. Waya uwe mmoja kutoka dishi hadi king'amuzi. Maungo yaliyofungwa kwa mfuko wa nailoni ni ugonjwa unaosubiri masika.

Ukiona baadhi ya chaneli zipo na nyingine hazipo ingawa umezilipia, mara nyingi dishi lenyewe halina kosa. LNB hupokea mawimbi ya aina mbili, ya wima na ya mlalo, na huku kwetu karibu na Ikweta ni lazima izungushwe sana kwenye kishikio chake ili iyapokee yote. Ikilegea na kuzunguka, unapoteza sehemu ya chaneli. Mwambie fundi hivyo kwa maneno hayo, utaona anavyobadilika sura. Atakayekuambia tu "Mama, LNB imeungua" bila kufungua waya wala kutazama kipimo cha mawimbi kwenye kioo, mwombe akuachie ile ya zamani baada ya kubadilisha. Asiye na hila hatakataa.

RADI

Hili ndilo zito kuliko yote. Uwanda wetu uko juu, masika yetu ni ya ngurumo, na dishi ni chuma kilichounganishwa kwa waya hadi sebuleni walipo watoto.

Wingu likianza kujikusanya, chomoa vitu viwili: plagi ya umeme na waya wa dishi ulio nyuma ya king'amuzi. Wengi huchomoa plagi tu na kuacha waya, na hapo ndipo vifaa huungulia. Weka ncha ya waya mbali na televisheni na mbali na watu. Wenye umeme wa jua msijione salama, waya wa dishi wenu ni uleule. Kama ngurumo tayari ziko karibu na hukuwahi, acha. King'amuzi hununuliwa. Nguzo ya dishi nayo iunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Hilo husaidia, lakini haliondoi haja ya kuchomoa.

Katika mkoa wetu radi ikiua mtu, maneno huwa mengi kuhusu aliyeituma. Nimekaa kwenye misiba ambapo jirani mzee alinyoshewa kidole kabla jeneza halijatoka. Mkristo asishiriki mazungumzo hayo. Radi hutafuta njia ya kufika ardhini, na nguzo ya chuma iliyounganishwa na nyumba ni njia.

Lililo baya zaidi ni hofu ya kumgusa aliyepigwa. Akina mama, sikieni: mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Mguse mara moja. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili vilivyopandana katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu hadi kishuke karibu sentimeta 5, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kumpulizia, mpe pumzi mbili kila baada ya kukandamiza mara 30. Kama hukufundishwa, endelea kukandamiza tu huku mwingine akitafuta usafiri. Wengi wa waliopigwa na radi hufa kwa sababu moyo na pumzi vimesimama, na wapo wanaorudi wakihudumiwa papo hapo.

Aliyenaswa na umeme wa nyumbani ni habari nyingine kabisa. Huyo usimguse. Zima swichi kuu kwanza.

NDANI YA NYUMBA

Televisheni iwekwe kwenye meza pana na nzito au ifungwe ukutani. Ile iliyowekwa juu ya kimeza chembamba chenye kitambaa cha kufuma kinachoning'inia ni hatari kwa mtoto anayejifunza kusimama: atakivuta kitambaa, na televisheni itamwangukia.

Kuhusu wanachotazama, ving'amuzi vingi vina kufuli ya chaneli kwa namba ya siri. Namba inayotoka kiwandani huwa rahisi, kama 1234 au 0000, na mtoto wa darasa la nne anaijua. Ibadilishe siku ileile ya kwanza, nyinyi wawili, mama na baba, mkiijua. Kuhusu saa ya kuzima na saa ya sala ya jioni kila nyumba ina utaratibu wake, ila mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na moja, na mechi za Ulaya huisha usiku.

Mwisho, malipo. Ukilipia kwa simu, tunza ujumbe wa risiti na uhakikishe namba ya kadi au king'amuzi uliyoandika ni yako, tarakimu kwa tarakimu. Kisha washa king'amuzi na uweke chaneli mojawapo ya kifurushi ulicholipia. Ruhusa ya kufungua chaneli huteremka kutoka setilaiti kama picha inavyoteremka, na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei. Watu hulipa, wakazima ili kungoja, wakawasha jioni na kukuta bado kumefungwa, kisha wakampigia fundi. Kiache kikiwa kimewashwa nusu saa wakati wewe unaendelea kuchambua maharage.