Bondia Akifa, Nani Aulizwe?

Usiku wa Machi 21, 1963, katika uwanja wa Dodger Stadium jijini Los Angeles, Davey Moore alipoteza mkanda wa dunia wa uzito wa unyoya mbele ya Sugar Ramos, Mcuba aliyekuwa akiishi uhamishoni Mexico. Moore hakuwa mgeni ulingoni. Mkanda ule aliuchukua mwaka 1959 kutoka kwa Mnigeria Hogan Bassey na kuutetea miaka minne. Raundi ya kumi alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga kamba ya chini. Akanyanyuka, na kabla ya raundi ya kumi na moja kona yake ikasimamisha pambano. Katika chumba cha kubadilishia nguo aliongea na waandishi akiwa na akili zake timamu, akasema anataka marudiano. Muda mfupi baadaye akalalamika kichwa kinamuuma, kisha akapoteza fahamu. Alifariki Machi 25, akiwa na miaka 29, akaacha mke na watoto watano.

Naipenda ngumi. Niseme hivyo mapema, kwa sababu makala za namna hii mara nyingi huandikwa na watu wanaotaka mchezo upigwe marufuku, na mimi simo katika kundi hilo. Nimekulia kwenye redio zilizotangaza mapambano, na hadi leo bondia anayejua kupiga jebu na kuondoka hunifurahisha kuliko mshambuliaji yeyote wa Simba au Yanga. Lakini mtu akipenda kitu, ana wajibu wa kukiangalia chote, pamoja na chumba kile cha kubadilishia nguo.

Kifo cha Moore kilizua kelele kubwa. Papa Yohane XXIII alikemea mchezo wenyewe, na gavana wa California, Pat Brown, akataka upigwe marufuku katika jimbo lake. Ilikuwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja: Machi 1962, bondia Benny Paret alipigwa na Emile Griffith pale Madison Square Garden, New York, mbele ya kamera za televisheni, naye akafariki Aprili 3. Nchi nzima ilimwona akining'inia kwenye kona huku makonde yakiendelea kumwangukia. Magazeti yalijaa tahariri. Kisha, kama ilivyo kawaida ya magazeti, yakageukia habari nyingine.

Jambo moja halikupita. Aprili 12, 1963, wiki tatu hazijaisha tangu Moore afariki, kijana wa miaka 21 aitwaye Bob Dylan alisimama na gitaa katika ukumbi wa Town Hall, New York, akaimba wimbo mpya kuhusu kifo hicho. Unaitwa Who Killed Davey Moore?, na umbo lake limetoka kwenye wimbo wa kale wa watoto wa Kiingereza unaouliza ni nani aliyemuua ndege mdogo. Swali linarudi kila ubeti, na kila anayeulizwa anakana. Anaanza mwamuzi, wanafuata mashabiki, meneja, mtu wa kamari, mwandishi wa habari za ngumi, na mwisho kabisa yule aliyerusha makonde. Kila mmoja ana sababu yake, na ukizisikiliza sababu hizo mojamoja zina mantiki. Mwamuzi angesimamisha mapema, watu wangemzomea. Mashabiki walikuja kuona ngumi, hawakuja kuona maiti.

Mimi huwa nakwama kwenye ubeti wa mwandishi. Dylan angeweza kumwacha nje, maana mwandishi hamgusi mtu, hashiki glovu, halipwi kwa tiketi. Akamweka ndani, na nadhani alifanya haki. Ni sisi tunaoandika kwamba fulani "anatisha", kwamba mwenzake "amekimbia pambano", kwamba mashabiki "wanataka damu". Ni sisi pia tunaosema bondia aliyeinua mkono kuomba kupumzika amekosa moyo. Halafu akifa tunamwandikia taazia nzuri.

Mwimbaji Pete Seeger aliuchukua wimbo ule na kuuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall mwezi Juni mwaka huohuo. Phil Ochs akatunga wake kuhusu kifo kilekile. Ochs alikuwa amesomea uandishi wa habari, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 aliipa jina la kuigiza kaulimbiu ya gazeti la New York Times, akibadilisha neno moja tu: badala ya habari zinazofaa kuchapishwa, habari zinazofaa kuimbwa. Jarida dogo la Broadside, lililoanzishwa New York mwaka 1962 na Sis Cunningham na mumewe Gordon Friesen, lilichapisha nyimbo za aina hiyo, za matukio ya wiki, kwa mashine ya kurudufu: migomo, wafungwa, vita, ubaguzi. Ukisoma jarida lile leo unaona kwamba wale vijana hawakuwa wakipamba habari. Walikuwa wakizishikilia zisiondoke.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda New York kujifunza hilo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kurekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba Kijiti, wimbo wa mauaji ya kweli. Mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam aliuawa. Mtuhumiwa akatoroka visiwani, na waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakaishia wao kuadhibiwa. Siti hakuwa na gazeti. Alikuwa na sauti, udi na fidla nyuma yake, na mji mzima wa Ng'ambo ukisikiliza. Faili la mahakama ya kikoloni limekaa kabatini, lakini kesi yenyewe imebaki midomoni mwa watu hadi leo, na imebaki kwa upande wa marehemu.

Nyimbo nazo hukosea, na mpenzi wa nyimbo asiogope kukiri hilo. Mwaka 1975 Dylan alirudi kwa bondia mwingine, Rubin Carter, aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa mauaji ya watu watatu katika baa moja ya Paterson, New Jersey, mwaka 1966. Wimbo Hurricane ulitikisa Marekani. Lakini ndani yake Carter anatajwa kana kwamba mkanda wa dunia ulikuwa mlangoni kwake, wakati ukweli ni kwamba nafasi yake ya ubingwa aliipata Desemba 1964, akashindwa kwa pointi na Joey Giardello, na baada ya hapo kiwango chake kilishuka. Kesi iliporudiwa mwaka 1976 alitiwa hatiani tena. Hakuachiwa kwa sababu ya wimbo. Aliachiwa mwaka 1985, pale Jaji Sarokin wa mahakama ya shirikisho alipoona kwamba upande wa mashtaka ulijenga kesi juu ya ubaguzi wa rangi na kuficha ushahidi. Wimbo uliwafanya watu wasimsahau. Kazi ya kufungua mlango ilifanywa na mawakili na makaratasi, miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo wimbo siupi kazi ya jaji. Ninachoupendea wimbo wa Davey Moore ni kwamba hautoi hukumu. Unawapanga watu wote waliozunguka ulingo na kumpa kila mmoja nafasi ya kujibu, jambo ambalo halijawahi kuwa desturi ya taarifa zetu za michezo. Taarifa yetu ina watu wawili tu: aliyepiga na aliyeanguka.

Hapa inabidi tuzungumze habari za ubongo kidogo. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Konde la taya likizungusha kichwa kwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo huchelewa kulifuata. Mishipa midogo ya vena inayopita kati ya ubongo na utando wake huchanika, damu ikaanza kuvuja. Inavuja taratibu. Kwa dakika kadhaa, wakati mwingine kwa saa kadhaa, mtu anaweza kutembea, kujibu maswali, hata kubishana na mwamuzi. Kisha damu inajaa mahali ambapo hapana nafasi ya kujaa, na ubongo unabanwa. Si kila kifo cha ulingoni hufuata njia hiyo. Kwa Moore, wataalamu walieleza kwamba ile kamba ya chini ndiyo iliyoumiza shina la ubongo. Lakini ule muda wa kuongea na kuonekana mzima unajirudia katika habari hizi kiasi cha kutisha.

Robert Wangila wa Kenya alikuwa na muda huo. Alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988 katika uzito wa welter, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali, na hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ya Kenya iliyopatikana nje ya riadha. Julai 22, 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzalez. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema. Akatembea kwa miguu yake hadi chumbani, akaanguka. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 26. Dar es Salaam, mwishoni mwa Desemba 2024, Hassan Mgaya alipigwa kwa KO, baadaye akalalamika maumivu makali ya kichwa, akafikishwa hospitali, akafariki. Agosti 2025 Wajapani wawili, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa, waliopigana na watu tofauti usiku mmoja katika ukumbi mmoja wa Korakuen, Tokyo, walikufa wakipishana kwa siku moja. Kotari hakuwa amepoteza pambano. Alitoka sare baada ya raundi kumi na mbili.

Wajapani walichukua hatua ndani ya siku chache: mapambano ya ubingwa wa shirikisho la Asia Mashariki na Pasifiki yanayofanyika nchini mwao yakapunguzwa kutoka raundi 12 hadi 10. Ndivyo raundi 15 za ubingwa wa dunia zilivyopotea pia, baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufa Novemba 1982 kwa makonde ya Ray Mancini. Lakini kanuni inayonigusa zaidi ilitoka mahakamani. Septemba 1991, Michael Watson aliumizwa vibaya katika pambano lake na Chris Eubank uwanja wa White Hart Lane, London. Matibabu sahihi ya kufufua pumzi hayakuwapo kando ya ulingo, na hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo. Watson aliishi, akiwa na ulemavu. Hakumshtaki Eubank. Aliishtaki bodi inayosimamia ngumi Uingereza, akashinda, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha ushindi wake mwaka 2000. Mahakama ilisema kwa lugha ya sheria kile ambacho kijana mwenye gitaa alikiuliza mwaka 1963: aliyerusha konde ni mmoja tu kati ya wengi waliokuwepo.

Watu hao wengi tunawajua hapa kwetu. Promota anayempandisha bondia wiki chache baada ya KO kwa sababu mpinzani aliyepangwa ameshindwa kufika. Kocha anayemwambia kijana akate kilo nne kwa siku mbili, asinywe maji, apime uzito, kisha apande ulingoni mwili ukiwa mkavu. Daktari aliyeletwa kupima presha tu. Shabiki anayepiga kelele za "mmalize" wakati mtu mikono imeshaanguka. Bondia mwenyewe yumo, maana anaficha maumivu ya kichwa ya mazoezini ili asikose pesa ya pambano, na pesa hiyo ndiyo kodi ya chumba. Siwezi kumlaumu, lakini siwezi kusema hayumo.

Na wenye kuimba tunao tena, wako palepale ulingoni. Singeli imezaliwa Manzese na Tandale, na ngumi za Dar es Salaam zimekuzwa na vijana wa mitaa hiyohiyo. Bondia akiingia siku hizi, msanii wa singeli anamtangulia na kipaza sauti, anamsifu, anamtaja mama yake na mtaa wake, ukumbi unalipuka. Napenda sana dakika zile. Ni ngoma ya kweli, imetoka kwa watu wenyewe. Ila msanii yule anaondoka kengele ya kwanza ikilia. Kijana akianguka, hatumsikii tena. Natamani mmoja wao atunge wimbo wa yule aliyeanguka, wenye kasi ileile na maneno makali yaleyale, na ndani yake atuulize sisi sote tuliokuwepo. Atuulize gari la wagonjwa lilisimama wapi. Amuulize promota nani aliyesaini kwamba kijana yuko fiti. Asimsahau mwandishi.

Kwa upande wetu wa magazeti, kuna jambo dogo linalowezekana kuanzia pambano lijalo. Promota akiita waandishi, aulizwe na wa kwanza kunyoosha mkono: daktari wa ulingoni ni nani, mabondia wamepigwa lini picha ya ubongo, hospitali yenye upasuaji wa ubongo iko umbali gani na imeshapewa taarifa. Majibu yachapishwe palepale chini ya rekodi za mabondia, KO ngapi, ameshinda mangapi, amepigwa mangapi. Akikataa kujibu, tuchapishe kwamba amekataa.