Fundi, Niongeze Oili?

Korosho zikishauzwa na malipo ya minada ya chama cha ushirika cha RUNALI yakishawafikia wakulima, meza yangu ya kazi haipumui. Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wilaya tatu zilizokipa chama hicho jina lake, zinaingia kwenye kupogolea mikorosho. Wengine wanaondoa matawi yaliyokufa na yaliyosongamana, wengine wanaishusha kabisa mikorosho mizee ili machipukizi yabebeshwe vikonyo vya mbegu bora, kama wanavyoelekeza wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele. Panga halitoshi. Kwa hiyo hela ya korosho inanunua msumeno wa mnyororo, na kwa kuwa ule wa Kijerumani au wa Kiswidi bei yake ni ya kuitazama tu, unanunuliwa wa Mchina. Sina ugomvi na Mchina. Ugomvi wangu ni na swali moja.

Mwaka huu aliyenimalizia uvumilivu alishuka kwenye bodaboda akitokea upande wa Mbekenyera, msumeno ukiwa ndani ya kiroba cha salfa. Rangi ya chungwa, stika ya cc 58, umri miezi miwili. Kamba ya kuwashia haivutiki hata kwa watu wawili.

“Shikamoo fundi. Imenoki. Na oili naweka nyingi kabisa. Safari nyingine niongeze iwe ngapi?”

Nikatoa boliti mbili za ekzosi, nikamulika kwenye tundu kwa tochi ya simu. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mmoja tu, ule unaotazama ekzosi, michirizi imesimama wima kama paka kapita na kucha. Upande wa kabureta bado uling'aa. Kichwani mwa pistoni masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa ugali ulioungua, na tundu la ekzosi lenyewe limebaki jembamba kama jicho la mtu mwenye usingizi. Nikamuuliza alikuwa anachanganyaje. Nusu lita ya oili kwa dumu la lita tano. Nani kasema? Fundi mmoja, alisema Mchina ana njaa ya oili.

Naomba tulimalize hili leo, kwa sababu nimelijibu mpaka nimechoka.

Kabureta haijui oili wala petroli. Inachojua ni kitundu, na kimiminika kinachopita kwenye kitundu hicho. Ukiweka mililita 200 za oili kwenye lita tano za petroli, yaani sehemu moja kwa 25, basi kila lita ya mchanganyiko ina petroli kama mililita 962. Ukiweka nusu lita, petroli inashuka mpaka kama 909. Kitundu hakikupanuka, hewa haikupungua, ila petroli iliyoingia imepungua zaidi ya sehemu tano katika mia. Tena oili ni nzito; mchanganyiko mzito unapita kwa uvivu, kwa hiyo upungufu wenyewe unazidi huo. Uliyedhani unailisha mashine, umeinyima chakula.

Na petroli kwenye injini hii haina kazi ya kuwaka tu. Hakuna rejeta, hakuna sampu ya oili. Petroli inapoingia na kugeuka mvuke, inapoza ndani. Ikipungua, kinachobaki kinawaka kwa joto kali zaidi, na pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda inayoizunguka. Nafasi kati ya viwili hivi ni ya sehemu ndogo sana ya milimita. Upande wa ekzosi ndio unaopigwa na moto unaotoka, kwa hiyo ndio unaovimba kwanza, unaugusa ukuta, unachubuka, unashika. Ile oili yako nyingi iko wapi wakati huo? Imeungua, imekuwa ukoko. Ukoko nao unaziba njia ya moshi na kuzibana ringi, joto linakosa pa kutokea, na mzunguko unaanza upya ukiwa mbaya zaidi. Ndivyo mashine ya miezi miwili inavyokufa ikiwa imeshiba oili.

Najua utaniambia: mbona jirani aliyesahau oili mashine yake ilikufa siku ile ile? Ilikufa, ndiyo. Mboga bila chumvi hailiki. Hakuna anayejibu hilo kwa kumwaga pakiti nzima. Isitoshe, kifo cha kukosa oili kina alama yake, na fundi anayejua kazi hapaswi kukisia. Pistoni iliyochubuka kuzunguka pande zote, kavu, haikupata oili. Iliyochubuka upande wa kabureta imekula vumbi, angalia chujio la hewa. Iliyochubuka upande wa ekzosi peke yake imekufa kwa joto. Hizo za aina ya tatu ndizo zinazojaa kwangu, na wenyewe wote wanaapa kwamba oili waliweka.

Wapo wanaofika mbali zaidi. Jumapili wanatoa plagi na kuinywesha mashine kifuniko kizima cha oili kupitia tundu lake, eti ilale vizuri. Jumatatu ni moshi wa tanuri la mkaa, plagi iliyolowa, na mtu anayevuta kamba mpaka bega linagoma. Hii si dawa. Sijui niiite nini.

Imani yenyewe haikutoka hewani, nakubali. Wazee waliopasua mbao porini kwa ile Stihl 070, jitu la cc 105 lenye mwendo wa taratibu, walirithi mazoea ya enzi za oili dhaifu, ambazo zilichanganywa nzito kweli. Tena oili ikizidi, kabureta yake ilifunguliwa kufidia, na hapo ndipo siri ilipo. Ukiongeza oili kidogo ukalegeza skrubu, mashine itakuvumilia, itatoa moshi tu. Vijana wamerithi nusu ya siri: oili wameiongeza, skrubu wameikaza. Maana imani ya pili, ndugu wa hii, ni kwamba mashine ikilia kama mbu ndiyo ina nguvu. Sauti ile kali, nyembamba, ya kuziba masikio, ni sauti ya injini inayokosa petroli. Inapiga resi sana huku inaungua. Ukimpelekea fundi ambaye kila tatizo analimaliza kwa kukaza H, skrubu ya petroli ya mwendo mkali, mpaka “ichangamke”, jiandae kununua silinda.

Swali linalostahili ni hili: petroli inafika ya kutosha? Kwenye Mchina mara nyingi haifiki, na sababu zake ni za senti chache. Mpira wa mafuta ndani ya tanki unakakamaa na kupasuka. Chujio dogo la kwenye tanki linaziba kwa taka za petroli ya chupa iliyokaa juani kando ya barabara. Tundu la kupumulia tanki linaziba. Skrubu za kabureta na silinda zinalegea kwa mtikisiko, hewa ya wizi inaingia, na hapo utazungusha H mpaka uchoke bila kupata kitu. Jaribio lake halina gharama: mashine ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila resi na cheni haizunguki, igeuze ubavu mmoja, kisha wa pili, kisha ielekeze pua chini. Sauti ikipanda au kushuka sana unapoigeuza, kwanza tafuta hewa inapoingilia ndipo uguse kabureta.

Sasa yaliyobaki, haraka, maana nafasi yangu inakwisha.

Oili: nunua ya injini za viharusi viwili, chupa iwe na alama ya JASO FC au FD. Ya bodaboda ni ya viharusi vinne, haikutengenezwa kuungua, inaacha majivu. Ile ya boti wanayouza Lindi mjini, yenye alama ya TC-W3, imetengenezewa injini zinazopozwa na maji. Ukikwama itakuvusha, usiizoee. Kipimo ni mililita 200 kwa lita tano, kama kitabu cha mashine hakisemi vingine. Changanya ya wiki moja, si ya msimu, na tikisa dumu kabla ya kumimina.

Kuseti: kwanza safisha chujio la hewa, weka petroli mpya, noa cheni. Skrubu ni tatu. H ya mwendo mkali, L ya mwendo mdogo. Zote mbili ukikaza unapunguza petroli, ukilegeza unaongeza. T ya sailensi ni kinyume, ukikaza resi inapanda. Kaza H na L taratibu mpaka ziguse, bila kulazimisha, kisha legeza kila moja mzunguko mmoja na robo. Washa, ipashe moto dakika chache. Rekebisha L mpaka ipokee resi bila kusita. Shusha T mpaka cheni isimame kabisa, maana cheni inayozunguka yenyewe ndiyo inayokata mapaja. Mwisho H: piga resi yote nje ya mti, kwa sekunde chache tu, sauti iwe na kigugumizi kidogo, bru-bru-bru, na ukizamisha kwenye gogo kigugumizi kipotee, sauti ikae safi. Kisipokuwepo kabisa nje ya mti, legeza. Kisipopotea ndani ya mti, kaza kidogo sana.

Kununua: namba ya stika isikubabaishe. Hizi 5200 na 5800 ni kopi ya mashine ya Kijapani, Zenoah, na si mbaya kwa mikorosho; lakini baadhi ya 58 na 62 ukizifungua zina pistoni ile ile ya 52, kilichokua ni stika. Yenye jina la Kijerumani kwa bei ya Mchina ni Mchina aliyebadilisha jina, na spea zake zinaweza zisiingie kwenye Kijerumani halisi. Dukani shika kamba ya kuwashia, inyanyue mashine ining'inie: ikishuka kwa kusitasita, kompresheni ipo, ikiteremka kama ndoo kisimani, irudishe kwenye boksi. Uliza spea kabla ya bei: pistoni, klachi, kabureta, stata, hapa hapa Nachingwea au Masasi, si “zitakuja kutoka Dar”. Ukifika nyumbani kaza kila skrubu, isipokuwa H, L na T, kabla ya kuwasha, badilisha mpira wa mafuta, tupa plagi uliyopewa na uweke ya NGK inayolingana. Cheni ya ndani ya boksi ni laini, ya kujifunzia kunoa.

Na kunoa ndipo mnaponiudhi zaidi baada ya oili. Huku moto wa kiangazi unapita porini kila mwaka, magome yanabaki na mkaa, mchwa wanayapaka udongo, na udongo wetu una mchanga. Mashamba ya ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika mpaka hapa Nachingwea, yalikuwa na matrekta makubwa kuliko chochote utakachonunua, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na kule Kongwa, mpango huo ulikoanzia, udongo ulisaga majembe yao hata hivyo. Cheni yako ni nani? Kwangua gome kwa panga kabla ya kukata. Tupa ya mviringo, milimita 4.8 kwa cheni nyingi za 52 na 58; hakikisha kwa namba iliyogongwa kwenye cheni. Pembe nyuzi 30, jino kwa jino, idadi sawa ya mikwaruzo kila upande, na kila baada ya kunoa mara kadhaa punguza kidogo kinundu kilicho mbele ya jino. Msumeno unaotoa chenga umenolewa. Unaotoa unga ni butu, na wewe unaukandamiza, nao unachemka, kisha unakuja kwangu kuuliza oili. Mpingo utakuonyesha haya kwa dakika tano. Mkorosho ni mti laini, unakuficha.

Oili ya cheni: chafu ya gereji ina vumbi la chuma, unalainisha kwa msasa, na inarukia ngozi yako. Safi ya SAE 40 inatosha. Ya alizeti pia inafanya kazi, ila ukiiacha wiki nzima inaganda kama gundi.

Breki ya cheni ijaribu kila asubuhi. Kandambili ziache nyumbani. Na kabla ya kugusa mninga au mpingo, hata ukiwa umeota shambani kwako, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize kibali, pamoja na usajili wa msumeno wenyewe. TFS, hao wakala wa misitu, wakikukamata barabarani mimi siji.

Yule wa Mbekenyera nilimwekea silinda na pistoni mpya, mpira wa mafuta, na nikalegeza H ambayo mtu alikuwa ameikaza karibu mpaka mwisho. Ilipowaka alisikiliza kile kigugumizi akakunja uso, akadhani nimemharibia. Nikampa gogo la mkorosho akate mwenyewe. Alikata mara tatu, akazima, akafuta jasho.

“Sasa oili, fundi?”

“Mililita mia mbili kwa dumu la tano.”

“Tu?”

“Tu.”

Akaniangalia kama mtu aliyepunjwa, kisha akavuka barabara kwenda duka la dawa kununua chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya kupimia.