PANDAS: HESABU MISTARI MBELE YA KUTUMA



Wengi wanauliza: kompyuta, ile tunayoita ordinatere, inashika namna gani orodha ya watu elfu mia moja pasipo kuchanganya majina? Leo tutaeleza chombo kimoja cha kazi hiyo. Jina lake ni pandas.

1. Pandas ni nini?

Haiko mashine, na haiko yule nyama wa China mwenye rangi nyeupe na nyeusi. Ni maktaba ya programu. Katika maktaba ya masomo unakuta vitabu ambavyo wengine wamekwisha kuandika. Katika maktaba ya programu unakuta amri ambazo wengine wamekwisha kutayarisha, na wewe unaziita tu kwa jina. Amri za pandas zinaitwa katika luga ya Python, ambayo Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, aliitoa mwaka 1991. Pandas yenyewe ilianzishwa na Mmarekani Wes McKinney mwaka 2008, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya mambo ya feza, AQR. Mwaka 2009 ilifunguliwa kwa watu wote, na mpaka leo hailipishwi.

2. Inafanya kazi namna gani?

Fikiri kaye ya pointi ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana mstari wake, kila somo lina kolone yake. Pandas inashika kaye kama hiyo ndani ya kompyuta. Amri read_csv inasoma orodha. Amri zingine zinapanga majina, zinajumlisha pointi, zinatafuta nafasi tupu. Kisha to_csv au to_excel inatoa orodha iliyokwisha, ili mtu mwingine aitumie.

Faida kubwa ni hii: kila hatua imeandikwa. Mtu akifuta pointi kwa mkono, kesho hakuna anayejua alipopita. Lakini amri zilizoandikwa zinabaki, na mwingine anaweza kuzisoma na kuzirudilia toka mwanzo.

3. Hatari iko mlangoni

Mambo mengi hayapotei ndani ya hesabu. Yanapotea wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Tuangalie mifano mitatu.

a) Alama ya mkato. Faili ya CSV ni maandiko matupu, na kwa desturi mkato ndio unatenga kolone. Lakini sisi tuliojifunza hesabu kwa Kifaransa tunaandika 12,5. Basi pointi moja inakatwa kuwa mbili: 12 na 5! Ndiyo sababu kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa zinatenga kolone kwa nukta-mkato. Inafaa kuambia pandas mapema: sep=";" na decimal=",".

b) Sifuri ya mbele. Namba ya simu inaanza na 0. Pandas ikiona tarakimu tupu inafikiri ni hesabu, na inatupa ile sifuri. Uiambie kwamba kolone hiyo ni maandiko: dtype=str.

c) Herufi NA. Kwa pandas maana yake ni «hakuna kitu». Lakini katika orodha ya nchi, NA ni alama ya Namibia. Usipoangalia, nchi nzima inageuka nafasi tupu! Dawa yake ni keep_default_na=False.

4. Mambo yaliyotokea Uingereza

Mutu atasema: hayo ni madogo. Sikilizeni. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, maabara za Uingereza zilituma majina ya wagonjwa katika faili za CSV. Ofisi ya afya iliyaingiza katika namna ya zamani ya Excel, XLS, isiyopokea zaidi ya mistari 65 536. Kila mgonjwa alichukua mistari mingi. Faili ikajaa, na iliyozidi ikaachwa nje kimya kimya. Toka tarehe 25 Septemba mpaka 2 Oktoba, wagonjwa 15 841 hawakuhesabiwa. Wenyewe walipata majibu yao, lakini watu waliokaa karibu nao hawakutafutwa kwa wakati, na wengine waliendelea kutembea na ugonjwa pasipo kujua.

Namna mpya ya Excel, tangu 2007, inapokea mistari 1 048 576. Pandas ikiombwa kuandika zaidi ya hapo katika ukurasa mmoja, inakataa na inasema wazi kwamba ukurasa ni mkubwa kupita kiasi. Kukataa kwa sauti ni bora kuliko kukubali na kukata kwa siri.

5. Shauri letu

Chombo hakimalizi kazi ya mtu. Mbele ya kutuma orodha, hesabu mistari; amri len inatosha. Kisha fungua faili iliyotoka, hesabu tena. Kama namba mbili hazilingane, usitume. Ni vile hata kwa orodha ya kuandika kwa mkono: ya mitihani, ya dawa, au ya wakristo wa parokia.

Yule mchungaji wa kondoo mia alijua kwamba mmoja amekosekana juu ya nini? Juu alihesabu. Na kila mstari wa orodha ni mtu mwenye jina.