Mgeni, Raia na Mhalifu: Kura ya Umma na Suala la Kufukuza Watu Nchini, kwa Kuitazama Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa kijembe kwa mgeni asiyejua kuondoka. Hata hivyo, ndani yake mna wazo jingine, kwamba ugeni una kikomo. Anayekabidhiwa jembe ameanza kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. Ambalo methali haikulijibu ni hili: je, mtu huyo akilitumia jembe lile lile kumjeruhi jirani, ataadhibiwa kama mwenyeji aliyekosa, au atageuzwa mgeni tena na kufungishwa virago?

Swali hili limepigiwa kura na mataifa mawili yaliyo mbalimbali sana, katika mwaka mmoja. Mwaka 2010 Waswisi walipiga kura juu ya kuwafukuza wageni waliotiwa hatiani kwa makosa mazito. Miezi mitatu na ushei kabla yao, Wakenya nao walikuwa wamepitisha katiba ambayo ndani yake mna kifungu kinachokaribiana na jambo hilo, ingawa wachache waliligundua. Makala haya yanadhamiria kueleza kura hizo mbili, kisha kuzipima kwa hali halisi ya Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Vanga, mahali ambapo neno "mgeni" halijawahi kuwa na maana moja.

Kura ya Waswisi

Katika Uswisi, raia wakikusanya saini 100,000 katika muda wa miezi 18, wanaweza kulazimisha pendekezo la kubadili katiba lipigiwe kura. Ili lipite, sharti liungwe mkono na wingi wa wapigakura na pia wingi wa majimbo. Kwa njia hiyo, chama cha SVP kilipeleka pendekezo kwamba mgeni akitiwa hatiani kwa makosa fulani apoteze haki yake ya kuishi nchini moja kwa moja. Orodha ya makosa hayo ilikuwa na mauaji, ubakaji, unyang'anyi na biashara ya dawa za kulevya. Lakini ilikuwa pia na udanganyifu katika kupokea msaada wa serikali. Tarehe 28 Novemba 2010 pendekezo hilo lilipita kwa asilimia 52.9.

Sheria ya utekelezaji ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016. Inamtaka hakimu amwondoe mkosaji nchini kwa kipindi cha miaka 5 hadi 15, lakini inamwachia mwanya. Anaweza kutofanya hivyo endapo kufukuzwa kutamtia mtu katika dhiki kubwa na maslahi ya umma hayana uzito zaidi, hususan ikiwa mtu mwenyewe alizaliwa au kulelewa nchini humo. Chama kile kile kiliona mwanya huo ni hila ya kuikwepa kura, kikaleta pendekezo la pili lililokusudia kuuziba. Tarehe 28 Februari 2016 wapigakura wakalikataa kwa asilimia 58.9.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Umma ule ule uliokubali kwamba mhalifu mgeni anaweza kufukuzwa, ulikataa kwamba afukuzwe bila hakimu kumtazama yeye ni nani. Sababu ni kwamba katika Uswisi, kuzaliwa nchini hakumfanyi mtu kuwa raia. Wapo wajukuu wa wahamiaji ambao hawajui nchi nyingine, na bado katika vitabu vya sheria ni wageni. Februari 2017 Waswisi walipiga kura tena, wakawarahisishia watu wa kizazi cha tatu njia ya kupata uraia.

Kura ya Wakenya

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipitisha katiba mpya kwa takriban asilimia 67 ya kura. Mijadala ya wakati huo ilihusu ardhi, mahakama za Kadhi na utoaji mimba. Ibara ya 17 haikupigiwa kelele. Hata hivyo, ibara hiyo inasema kwamba mtu aliyepata uraia kwa kusajiliwa anaweza kupokonywa uraia huo ikiwa, katika miaka mitano baada ya kusajiliwa, atatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Vilevile anaweza kupokonywa wakati wowote ule akitiwa hatiani kwa uhaini, au kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka saba au zaidi. Aliye raia wa kuzaliwa hayumo katika hukumu hii. Huyo akiua, atafungwa, na akitoka gerezani angali Mkenya.

Kwa asiyekuwa raia kabisa, njia ni fupi zaidi. Kifungu cha 26A cha Kanuni ya Adhabu kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru au kupendekeza kwamba mgeni aliyetiwa hatiani aondolewe nchini, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inampa waziri mamlaka ya kutoa amri ya kumwondoa. Kwa hivyo, mtalii au mlowezi wa Ulaya aliyejenga nyumba Diani akitenda uhalifu, hapahitajiki kura yoyote ya umma. Sheria ipo, na huyo ana kwao pa kurudishwa.

Je, Wakenya wangeweza kupiga kura kama ile ya Waswisi? Katika Kenya, sheria za kawaida hutungwa na Bunge, wala hazipelekwi kwa wapigakura. Kinachoweza kuanzishwa na wananchi ni marekebisho ya katiba. Ibara ya 257 inadai saini za wapigakura milioni moja, kisha idhini ya mabunge ya kaunti yasiyopungua 24, kisha Bunge lenyewe. Bunge likikataa, au jambo likiwa miongoni mwa yale makuu yaliyotajwa katika Ibara ya 255, kama vile haki za kimsingi, ndipo umma hupiga kura. Kwa hiyo mlango upo, ila ni mwembamba.

Makongeni: Mgeni Asiye na Kwao

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba suala ni jepesi: raia hubaki, mgeni hurudi kwao. Kwale ndiyo inayoivuruga hesabu hiyo.

Kuanzia miaka ya 1930, Wamakonde kutoka Msumbiji walifika pwani ya kusini kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa kule Ramisi. Walioa na kuolewa, wakazika wazazi wao huko, wakazaa watoto ambao nao walizaa. Uhuru ulipofika mwaka 1963, hakuna aliyewaandikisha. Kwa zaidi ya nusu karne wakazi wa Makongeni na vijiji vingine hawakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho mtu hafungui akaunti ya benki, hapati kazi rasmi, wala hapigi kura.

Mwezi wa Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde na wenzao waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Tarehe 13 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jamii ya Wapemba, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakivua samaki katika pwani za Kwale na Kilifi, ilisubiri hadi mwaka 2023 ndipo nayo ikatambuliwa.

Natuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kijana wa Makongeni, aliyezaliwa humo na wazazi waliozaliwa humo, alitiwa hatiani kwa unyang'anyi mwaka 2014. Kwa mujibu wa sheria, alikuwa mgeni aliyepaswa kuondolewa. Aondolewe kwenda wapi? Msumbiji haikumjua, naye hakuijua. Amri ya kufukuza inahitaji nchi mbili, inayotoa na inayopokea, na kijana huyo hakuwa na hata moja.

Tuendelee hadi leo. Wamakonde wengi walipata uraia kwa kusajiliwa, chini ya vifungu vya sheria ya mwaka 2011 vinavyowahusu wasio na utaifa. Maana yake ni kwamba Ibara ya 17 inawagusa. Vijana wawili, Mdigo na Mmakonde, waliosoma darasa moja pale Msambweni, wakitenda kosa moja usiku mmoja, wa kwanza hawezi kupokonywa uraia ilhali wa pili anaweza. Ni kweli kwamba Katiba inasema uraia huo unaweza kufutwa, haisemi ni lazima ufutwe; na mtoto aliyezaliwa baada ya mzazi wake kusajiliwa ni raia wa kuzaliwa. Lakini kwa kizazi kilichoandamana, usalama wao unategemea busara ya wenye mamlaka.

Neno Lenyewe

Wanafunzi wa Kiswahili wana la kuongeza hapa, kwa maana mgogoro huu kwa kiasi fulani ni wa istilahi. Neno "mgeni" linambeba mtu anayepikiwa pilau na pia mtu anayetiliwa shaka, kwa kuwa mzizi wake ndio unaotupa "jambo geni". Sheria inapodai kusema juu ya asiye raia, msikilizaji husikia asiyejulikana. Neno "raia" nalo limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kundi la mifugo lililo chini ya mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Ajabu ni kwamba bango mashuhuri la kampeni ya Uswisi lilichora kondoo weupe wakimfukuza kondoo mweusi kwa teke. "Mwananchi" ndilo neno letu lenye joto zaidi, yaani mwana wa nchi. Ukilipima kwalo, kijana wa Makongeni alikuwa mwananchi miaka mingi kabla ya kuwa raia.

Ulegevu wa neno "mgeni" umewahi kuleta maafa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata zikaenea hadi sehemu za Kwale, Ukunda na Diani zikiwemo. Waliolengwa walikuwa Wakenya waliotoka bara. Kisheria walikuwa raia kamili, lakini vinywani mwa waliowashambulia walikuwa wageni waliotakiwa warudi kwao. Hapakuwa na kura, hakimu, wala kosa lililothibitishwa.

Hitimisho

Hatusemi kwamba taifa halina haki ya kumwondoa mgeni aliyeua au kubaka; haki hiyo inatambuliwa karibu kila mahali, na waathiriwa wa uhalifu wanastahili kulindwa. Tulilojaribu kuonyesha ni kwamba kabla ya kuuliza "afukuzwe au asifukuzwe?" kuna swali linalotangulia: ni nani aliyeamua kwamba huyu ni mgeni, na kwa kigezo gani? Kura ya umma hulijibu swali la kwanza kwa asilimia. La pili haliwezi kulijibu kwa haki, maadamu wale linalowahusu zaidi hawana kadi ya kupigia kura. Wamakonde wa Kwale hawakushiriki katika kura ya 2010 iliyopitisha ibara inayowagusa.

Ndiyo maana hakimu aliyeachiwa nafasi ya kumtazama mtu mmoja mmoja ni muhimu kuliko ukali wa sheria. Waswisi walilitambua hilo mwaka 2016, baada ya kupiga kura mara mbili. Sisi tulikuwa na methali tangu zamani: aliyekwishapewa jembe, akalima, akavuna na kuzika wazee wake katika ardhi hiyo, akikosa na aadhibiwe kama mkulima yeyote wa hapo.