Kufuli la Kale au Kufuli Kuukuu?

Mfasiri anayekabidhiwa orodha ya vifaa vya kuzuia wizi wa magari ya zamani hana budi kutofautisha maneno mawili. Kufuli huondolewa na kubebwa. Kitasa hujengwa ndani ya kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wa Marekani. Ford Model T iliundwa tangu 1908 hadi 1927. Funguo za swichi yake zilikuwa za namna chache tu, hata ufunguo wa jirani uliweza kufaa. Ndiyo maana wenye magari walinunua makufuli ya usukani na ya magurudumu kwa watengenezaji wengine. Ford Model A, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 1927, ilikuja na kitasa cha swichi ambacho waya wake, uliovikwa mrija wa chuma, ulifika hadi kwenye kigawa umeme cha plagi.

Mthamini hutazama chapa ya mtengenezaji, namba, ufunguo wa asili, na kama kifaa kingali kikifanya kazi. Kusugua kutu ovyo hufuta chapa, na pamoja nayo ushahidi.

Hapa istilahi hugusa fedha. Kuukuu ni kilichochakaa. Cha kale ni kilichosalia kutoka enzi iliyopita. Anayeandika "kufuli kuukuu" katika hati ya mirathi au ya forodha hukitia kifaa cha thamani katika fungu la vyuma chakavu. Inapendekezwa basi tuandike: kufuli la kale la usukani, kitasa cha kale cha swichi. Uchakavu, kama upo, uelezwe kando.