Pawa stelingi nzito: Vipimo vya kufanya kabla ya kununua reki

ARUA – Gari la zamani lenye mzigo wa Koboko au Oraba huweza kutembea vizuri kilomita zote za lami, kisha likashindwa kugeuka likifika kwenye foleni ya forodha. Wapo madereva wanaodhani ubovu umeanzia pale mpakani. Ukweli ni kwamba huenda gari liliondoka Arua likiwa tayari na tatizo, ila lami ililificha.

Pawa stelingi hufanya kazi kubwa zaidi gari linapokwenda polepole au linapoegeshwa. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, magurudumu ya mbele hugeuzwa kwa nguvu ndogo tu, hivyo dereva hahisi kwamba pampu imechoka au oili imepungua. Mzigo mwingi ukiwa nyuma ya gari, sehemu ya mbele huwa nyepesi na usukani nao huonekana mwepesi kuliko ulivyo. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, iliwekwa lami katika muongo wa 2010, na mwendo juu yake ni wa kasi kuliko zamani.

Kwa mfanyabiashara, suala hili ni la fedha na la usalama. Akiambiwa kwamba reki ya stelingi imekufa, atalazimika kuagiza nyingine, mara nyingi iliyokwishatumika, kutoka Kampala, umbali wa kilomita zaidi ya 400. Ikifika na kufungwa, huenda ikagundulika kwamba kilichokuwa kibovu ni mkanda tu. Fedha ya reki imekwenda, na siku za kazi zimekwenda nazo.

Mfumo unavyofanya kazi

Magari mengi ya zamani yaliyoko barabarani hutumia pawa stelingi ya oili. Teknolojia hiyo iliingia sokoni kwenye magari ya abiria mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipoiweka kwenye gari lake la Imperial. Mpangilio wake haujabadilika sana tangu wakati huo.

Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma oili kwa nguvu kupitia paipu hadi kwenye reki. Ndani ya reki kuna vali inayoelekeza oili upande ambao dereva anakata kona. Oili ikimaliza kazi hurudi kwenye kopo lake kwa mpira mwingine. Malori kama Canter na Fuso, pamoja na Land Cruiser nyingi za zamani, hutumia boksi la stelingi badala ya reki, lakini kanuni ni ileile.

Magari kama Toyota Vitz hutumia mota ya umeme na hayana oili ya stelingi kabisa. Njia rahisi ya kutambua ni kufungua boneti na kutafuta kopo la oili hiyo na pampu yake. Kama havipo, vipimo vya mkanda na oili vinavyofuata havihusiki. Fundi aanze na betri, altaneta, fyuzi na taa ya tahadhari kwenye dashibodi.

Kuanza na visivyo na gharama

Kipimo cha kwanza ni upepo wa matairi. Matairi ya mbele yenye upepo mdogo hufanya usukani kuwa mzito hata kama pampu ni mpya. Tairi moja likiwa na upepo pungufu, gari huvuta upande mmoja.

Cha pili ni kiwango cha oili kwenye kopo. Dereva aangalie alama ya chini na ya juu, na aangalie pia rangi. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka. Oili yenye povu ina hewa ndani yake, na hewa haiwezi kusukuma reki kama inavyotakiwa.

Cha tatu ni mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ukandamizwe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Kwenye magari mengi ukizama zaidi ya takriban sentimita moja, umelegea. Mkanda uliopasuka nyuzi au unaong'aa kama kioo ubadilishwe.

Vipimo hivi vitatu havizidi dakika 10 na havihitaji kufungua kitu chochote.

Dalili na maana yake

Usukani ukiwa mzito pande zote mbili injini inaponguruma taratibu, lakini ukawa mwepesi mafuta yakikanyagwa, wa kushukiwa ni mkanda au pampu iliyochoka. Kasi ndogo ya injini haitoi msukumo wa kutosha.

Mlio mkali wa kukwaruza unaosikika usukani unapokatwa hadi mwisho ni wa mkanda unaoteleza. Mlio wa kuguguma, unaopanda na kushuka pamoja na injini, ni wa pampu inayonyonya hewa au iliyopungukiwa oili.

Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, pampu isilaumiwe haraka, kwa kuwa pampu hiyohiyo ndiyo inayohudumia pande zote mbili. Hapo ndipo panapokuwa na sababu ya kuchunguza vali na sili za ndani za reki au boksi.

Usukani wenye mchezo mkubwa, au unaotetemeka barabarani, kwa kawaida hauna uhusiano na oili. Fundi akague tairodi endi, boli jointi na bolti zinazoshika reki. Sehemu hizi zikiachia, gari haligeuki tena, kwa hiyo gari la namna hiyo lisipakiwe mzigo hata kwa safari fupi.

Kuna kipimo kingine kinachotenganisha ubovu wa oili na ubovu wa vyuma. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe, sehemu ya mbele iinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa na usukani umefunguliwa kwa ufunguo, magurudumu yageuzwe pande zote. Yakikwama au kuwa mazito mahali fulani, kuna chuma kinachobana: jointi ya nguzo ya usukani, boli jointi au reki yenyewe. Yakigeuka vizuri hewani lakini usukani ukawa mzito ardhini injini ikiwaka, turudi kwenye matairi, mkanda, oili na pampu.

Oili inapotelea wapi

Mfumo huu umefungwa, hivyo oili ikipungua mara kwa mara, kuna mahali inapovuja. Eneo lote lisafishwe, gari litembezwe, kisha liangaliwe upya. Sehemu za kukagua ni miunganiko ya paipu, mpira wa kurudisha oili, sili ya shafti ya pampu na mipira miwili inayofunika ncha za reki. Mpira wa reki ukibonyezwa na kusikika oili ndani, sili za reki zimekwisha. Uvujaji usitafutwe kwa mkono injini ikiwaka, kwa kuwa oili ya moto hutoka kwa nguvu. Vilevile oili inayodondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka.

Kosa lenye hasara kubwa ni kuongeza oili ya breki kwenye kopo la stelingi kwa sababu ndiyo iliyopatikana karibu. Oili ya breki huharibu sili za pampu na reki, na ubovu wa mpira mmoja hugeuka kuwa ubovu wa mfumo mzima. Toyota nyingi za zamani hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki aina ya Dexron, ilhali Honda ina oili yake maalumu. Maandishi kwenye kifuniko cha kopo au kitabu cha gari ndiyo ya kufuatwa.

Baada ya kuongeza oili, hewa itolewe. Mbele ya gari ikiwa imeinuliwa na injini imezimwa, usukani ukatwe mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku oili ikiongezwa. Kisha injini iwashwe na usukani uzungushwe polepole hadi povu liishe. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa pampu hupata moto haraka.

Kupima hadi Ombaci

Ombaci iko kilomita chache tu kutoka mjini Arua kwenye barabara ya Koboko. Mwendo wa kwenda huko na kurudi unatosha kupasha oili moto, na oili ya moto huwa nyepesi na hutafuta kila ufa. Mwenye gari anaweza kufanya safari hiyo siku moja kabla ya kupakia, kisha akaliegesha juu ya boksi la karatasi lililokunjuliwa. Matone yakionekana, au usukani ukawa mzito wakati wa kuegesha, bado gereji na maduka ya spea ya Arua yako karibu.

Ubovu ukigundulika Kaya au Ariwara hesabu hubadilika. Gari la kigeni huingia kwa kibali cha muda chenye siku zake, fundi hulipwa kwa fedha nyingine, na vyakula vilivyo ndani havisubiri. Dereva wa Uganda, aliyezoea kushika kushoto, huko anatakiwa kushika kulia, na usukani mzito unamnyima nafasi ya kukwepa kwa haraka.

Kama mkanda utakatika njiani, dereva asimame na kuangalia kwanza unazungusha nini. Ukiwa unazungusha pampu ya stelingi peke yake, gari lisilo na mzigo mkubwa linaweza kufikishwa gereji polepole, kwa nguvu za mikono. Ukiwa unazungusha pia pampu ya maji, injini izimwe papo hapo, vinginevyo itaungua, na gharama yake ni kubwa kuliko ya reki.

Uganda ilizuia mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokuwa yameingia bado yanabeba mizigo. Mwenye gari la aina hiyo anapoambiwa anunue reki, ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe kwanza upepo, oili, mkanda na mahali panapovuja. Fundi anayejua kazi yake atamwonyesha bila kusita.